Bundi, Ndege na Usiku: Historia ya Neno na Hatari za Kulitafsiri katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa ndege wanaotajwa katika fasihi ya Kiswahili, simulizi na andishi, bundi ndiye anayehukumiwa upesi kuliko wote. Akitua juu ya paa katika sura ya kwanza ya riwaya, msomaji hutarajia matanga kabla ya sura ya tatu. Mwanafunzi akiulizwa bundi huyo ana kazi gani katika matini, jibu huwa tayari: bundi ni ishara ya kifo, kwa kuwa Waafrika huamini hivyo. Jibu hili limezoeleka mno hata halidaiwi ushahidi. Halisemi ni Waafrika gani, wa wakati gani, wala halielezi imani hiyo ililifikiaje neno lenyewe.

Makala haya yanalichunguza neno bundi kihistoria, kwanza katika umbo lake, kisha katika maana zilizolizingira, na hatimaye katika eneo moja mahsusi: nchi ya chai ya Kericho na Bomet, magharibi mwa Bonde la Ufa nchini Kenya. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili hakikuzaliwa huko. Kilipanda kutoka pwani pamoja na utawala, biashara, shule na kazi ya kuajiriwa, kikakuta lugha zilizokuwa na maneno yake ya usiku, ya ndege na ya utabiri. Pili, historia ya Kericho ina mfano ulio wazi wa hasara inayowafika watu pale jina lenye maana ya kwingineko linapobandikwa juu yao. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jina la bundi, kwa asili yake, halina ubaya wowote. Ubaya uliliingia kwa njia zinazoweza kutenganishwa, na mhakiki asiyezitenganisha hurithi hukumu badala ya kusoma matini.

Yafaa kuweka mpaka mapema. Neno linalochunguzwa ni la Kiswahili. Majina ya ndege huyu katika lugha nyingine yanatajwa kwa kulinganisha tu, na Kipsigis, lugha ya wenyeji wa Kericho na Bomet, inaingia katika mjadala kwa yale maneno yake yanayohusu usiku na utabiri, si kwa jina la ndege.

2.0 Jina na Mlio

Wagikuyu humwita bundi ndundu. Wajaluo humwita tula. Katika Kiganda ni ekiwuugulu, katika Kinyarwanda ni igihunyira, na Wasomali husema guumays. Kusini zaidi, Wachewa husema kadzidzi, na Washona zizi. Waarabu wana bum. Nje ya Afrika, Warumi wa kale walikuwa na majina mawili yanayofaa kutajwa, bubo na ulula. Wajerumani husema Eule. Nalo neno la Kiingereza la leo limetokana na umbo la kale ule.

Msomaji atatambua mara moja kwamba irabu u imetawala katika mengi ya majina haya. Lugha zilizotajwa hazina ukoo mmoja: zimo za Kibantu, za Kinailoti, za Kikushi, za Kisemiti na za Kihindi-Kiulaya. Kinachoziunganisha ni sikio. Bundi wengi wa msituni hutoa sauti nzito ya kuvuma, na kinywa cha mwanadamu, kikitaka kuiiga sauti hiyo, hulazimika kuviringisha midomo. Hali ya zizi na kadzidzi, yaliyoshikilia irabu i, hailipingi jambo hili. Si kila bundi huvuma. Wapo wanaopiga miluzi na wanaokwaruza. Kila lugha huchagua ndege mmoja na mlio mmoja, kisha hulitandaza jina hilo juu ya jamii nzima ya ndege.

Kutokana na hayo, mtafiti wa asili ya neno bundi anatakiwa kuwa na hadhari. Ni rahisi kuona silabi bu katika bundi, katika bum ya Kiarabu na katika bubo ya Kilatini, kisha kuhitimisha kwamba neno hilo lilikuja na majahazi. Hitimisho hilo halina msingi. Wanaisimu historia huyaondoa maneno ya tanakali katika orodha zao za ulinganishi kwa sababu hii hasa: maneno yanayoiga sauti moja hufanana hata pale ambapo wasemaji wake hawajawahi kukutana. Fauka ya hayo, konsonanti nd iliyomo katika bundi haielezeki kutokana na bum, ilhali mfuatano wa u na nd unaonekana pia katika ndundu ya Kigikuyu, lugha isiyohitaji Kiarabu ili kumwita ndege wake. Lililo salama kusema ni kwamba bundi ni jina la tanakali, au lililoathiriwa na tanakali, na kwamba lina jamaa wa sauti kote duniani bila ya lazima ya kuwa na jamaa wa damu.

Jambo hili lina uzito kwa mhakiki. Jina la tanakali halitoi hukumu. Linasema tu kwamba ndege huyu analia hivi. Katika tabaka lake la chini kabisa, neno bundi halijui kifo wala uchawi, linajua mlio.

3.0 Kutoka Mlio hadi Ishara

3.1 Ndege mwema na ndege njema

Hatua ya kwanza kutoka mlio hadi ishara haimhusu bundi peke yake. Inahusu neno ndege. Katika Kiswahili cha pwani kilichorekodiwa na wanakamusi, ndege ni kiumbe arukaye, na pia ni dalili ya jambo lijalo. Msafiri aliweza kurudi nyumbani kwa kuwa alipata ndege mbaya njiani, hata kama hapakuwa na unyoya wowote machoni pake.

Sarufi huzitenganisha maana hizo mbili kwa njia ya upatanisho. Ndege mwema ni kiumbe, kwa kuwa huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai. Ndege njema ni dalili, kwa kuwa hubaki katika upatanisho wa ngeli ya nomino yenyewe. Tofauti hiyo, hata hivyo, hupotea katika kivumishi cha ubaya. Ndege mbaya huweza kuwa kiumbe kibaya, na huweza pia kuwa dalili mbaya. Umbo ni moja kwa zote mbili, na ni kitenzi au kiashiria kitakachofuata ndicho kitakachoamua: ndege mbaya amelia, au ndege mbaya imetokea. Haifai kudai kwamba sarufi ndiyo iliyozaa imani. Lakini hapana shaka kwamba palipo na wema lugha ya pwani ilikuwa na mpaka ulio wazi kati ya ndege na bahati, na palipo na ubaya mpaka huo ulifunikwa. Mwenye kusema bundi ni ndege mbaya amekwisha kusema mambo mawili, apende asipende.

Muungano huu wa ndege na dalili si mali ya Afrika Mashariki pekee. Katika Kiarabu, neno la kutabiri shari, tiyara, lina shina moja na neno la ndege. Katika Kiyunani cha kale, oionos lilikuwa ndege mkubwa na pia dalili. Warumi walikuwa na maofisa waliotazama ndege kabla ya shughuli za dola, na neno lao auspicium limeundwa na ndege na kutazama. Mhakiki anayeandika kwamba kutabiri kwa ndege ni imani ya Mwafrika anakosea kwa kupunguza: ni moja ya tabia kongwe za binadamu.

3.2 Babewatoto

Kamusi za zamani za Kiswahili zina jina jingine la ndege wa jamii ya bundi: babewatoto, ambaye pia huitwa babewana. Hapa umbo la neno halitokani na mlio. Linawataja watoto. Jina hili ni ushahidi kwamba pwani ilikuwa na fikra mahsusi zaidi kuliko ile ya kifo kwa jumla, yaani fikra inayomhusisha ndege wa usiku na mtoto mchanga.

Fikra hiyo ina ndugu yake mbali sana. Mshairi Mrumi Ovid, katika kitabu cha sita cha utenzi wake uitwao Fasti, anasimulia habari za ndege waitwao striges, wanaoruka usiku kuwatafuta watoto wasio na mlezi. Kutokana na neno hilo, strix kwa umoja, Waitalia walipata strega, neno lao la mchawi wa kike. Mkondo wa maana ni uleule: ndege wa usiku, kisha hatari kwa mtoto, kisha mwanamke anayeshukiwa. Hakuna haja ya kudhani kwamba hadithi hiyo ilisafiri kutoka Roma hadi Lamu. Yatosha kutazama mazingira. Katika jamii ambamo vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi, ni nani aliyekuwa macho saa tisa za usiku? Alikuwa mama aliyempakata mtoto mwenye homa. Bundi hulia kila usiku, lakini mwenye afya amelala. Anayemsikia ni mwenye mgonjwa, na kati ya wagonjwa wanaouguzwa usiku wapo watakaokufa. Basi uhusiano wa mlio na msiba haukubuniwa kutoka hewani. Ulionwa kwa macho, ila ulionwa na wale tu waliokuwa na sababu ya kukesha.

3.3 Dini na nuksi

Kwa kuwa maneno nuksi na kisirani, yanayomfuata bundi katika fasili nyingi, yana asili ya Kiarabu, wapo wanaodhani kwamba imani yenyewe iliingia kwa mlango wa Uislamu. Dhana hiyo inahitaji kusahihishwa. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na imani ya hama, ndege wa usiku aliyesemekana kutoka katika kichwa cha mtu aliyeuawa na kulia mpaka damu yake ilipwe kisasi. Hadithi ya Mtume iliyopokewa katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim inaikanusha tiyara na inaikanusha hama kwa majina. Maadamu hali ni hiyo, mafundisho yaliyofika pwani yalikuja na katazo, si na kibali. Msamiati ulikopwa, hukumu ya kidini juu ya jambo hilo ilikuwa kinyume cha matumizi ya msamiati wenyewe. Katika matini ya pwani, mhusika anayemwogopa bundi anaweza kuwa anaasi mafundisho ya chuo chake, na mvutano huo ni wa maana kubwa kuliko ishara ya kifo iliyotajwa kwa mkato.

4.0 Neno Linapopanda Nyanda za Juu

Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa wingi katika eneo la Kericho. Kazi ya mashamba hayo ilivuta watu kutoka pande nyingi: Wakipsigis wenyewe, Wajaluo, Wagusii, Waluhya na wengineo. Waliishi kambini, katika nyumba zilizopangwa safu safu, chini ya manyapara na makarani, na lugha iliyowawezesha kupokea amri asubuhi na kugombana jioni ilikuwa Kiswahili. Baada ya mwaka 1964 wakulima wadogo nao waliingia katika chai kwa wingi chini ya mamlaka ya serikali iliyoundwa mwaka huo kuendeleza zao hilo, na Bomet, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Kericho hadi mwaka 1992, ikawa nchi ya chai kwa haki yake.

Mazingira ya kambi ni muhimu kwa historia ya maana. Mjaluo aliyesikia tula usiku, asubuhi alimtaja bundi kwa jirani yake Mgusii. Neno hilo moja lilibeba tula ya huyu na ndege wa yule, pamoja na kila kilichoaminiwa nyuma ya kila jina. Katika hali kama hiyo neno la mawasiliano hufanya kazi kama chungu cha pamoja: kila mmoja hutia kilicho chake, na anayepakua hapati chakula cha nyumba yoyote. Imani zilizokuwa na masharti, za mahali fulani, za ukoo fulani, za msimu fulani, hupoteza masharti yake. Kinachobaki ni kile ambacho wote wanaweza kukubaliana nacho, nacho ni kifupi: bundi ni mbaya.

Mkondo wa pili ulikuwa shule. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa nchini Kenya. Mtoto wa Litein au wa Sotik alikutana na bundi wa kitabuni, aliyefasiliwa pamoja na nuksi yake, na akajifunza kumweka katika insha kama kipambo cha hofu. Ndege aliyekuwa wa pwani katika kamusi akawa wa taifa katika karatasi ya mtihani.

Je, usiku wa Kipsigis ulikuwa unamngojea bundi wa namna hiyo? Majina ya watu yanaonyesha kwamba jibu si rahisi. Kipkemoi na Chepkemoi ni majina ya waliozaliwa usiku. Kiplangat na Chelangat huhusishwa na saa za jioni, na Kipkirui na Chepkirui na wakati wa kulala. Mtoto hupewa saa yake kama jina la heshima, hulichukua shuleni, kazini, na hata bungeni. Jamii inayomwita mwanawe usiku haiwezi kusemwa, bila ya maelezo zaidi, kwamba huuona usiku kuwa makao ya shari tupu. Hofu ya usiku ilikuwapo, kama ilivyo kila mahali. Lakini ilikaa pamoja na heshima ya usiku, na msamiati unathibitisha zote mbili.

Fauka ya hayo, Kipsigis ilitenganisha kwa makini watu wanaohusiana na mambo yasiyoonekana. Kutokana na kerichek, yaani dawa, hupatikana jina la mganga wa mitishamba, chepkerichot. Orgoiyot alikuwa mtabiri na kiongozi wa kiroho kutoka ukoo wa Talai. Ponindet alikuwa mchawi, mwenye kudhuru. Hayo ni maneno matatu, kazi tatu, na hadhi tatu zisizochanganywa. Hata jina la Kericho huhusishwa katika masimulizi mamoja na mganga na neno hilo la dawa, na katika masimulizi mengine na kiongozi wa Kimaasai. Masimulizi yote mawili yanaonyesha wenyeji waliozoea kuuliza jina limetoka wapi kabla ya kulikubali.

5.0 Jina Linapobandikwa Watu

Utenganisho huo wa maneno ndio uliopuuzwa na utawala wa kikoloni, na matokeo yake yanastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba maana za maneno ni suala la darasani.

Waorgoiik wa Kipsigis walitokana na ukoo uleule wa Talai uliokuwa na mamlaka katika Nandi, ambako Koitalel arap Samoei aliuawa na Waingereza mwaka 1905. Kwa upande wa Kipsigis, Kipchomber arap Koilege na viongozi wenzake walihamishwa kwa nguvu mwaka 1914. Miaka 20 baadaye, mwaka 1934, serikali ya koloni ilipitisha sheria ya kuwaondoa Watalai katika nchi ya Wakipsigis. Takriban watu 700, wake kwa waume na watoto, walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, katika nchi yenye joto, mbung'o na malaria, mbali na nyanda za juu walizozijua. Ardhi ya Kericho ilikuwa tayari inageuka kuwa mashamba ya chai.

Lililo muhimu kwa mjadala huu ni jina la sheria hiyo. Haikutumia neno orgoiyot. Ilitumia laibon, neno lililotokana na Kimaasai. Ni kweli kwamba masimulizi mengi huuhusisha ukoo wa Talai na asili ya Kimaasai, na kwa hiyo neno hilo halikuokotwa jalalani. Hata hivyo, mbele ya utawala, laibon lilikuwa limekwisha kuwa jina la jumla la mtu wa hila na uchochezi, na karibu yake kulikuwa na sheria ya uchawi ya mwaka 1925 iliyowaweka waganga na wachawi katika sentensi moja. Neno lililokopwa lilifunika tofauti kati ya anayetabiri, anayeponya na anayedhuru. Mtu mmoja mmoja hakuhitaji kushtakiwa kwa tendo lolote. Kuzaliwa katika ukoo uliokwisha kupewa jina kulitosha. Hata mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni alikuwa, kwa mujibu wa jina hilo, hatari kwa amani.

Madai ya Watalai na ya Wakipsigis kwa jumla hayajafa. Mwaka 2022 waliwasilisha malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Waraka wa sheria ulikwisha zamani. Jina lililoandikwa juu yake bado linadaiwa.

Kuna uhusiano gani kati ya orgoiyot na bundi? Uhusiano ni wa mbinu ya maana. Katika hali zote mbili neno la nje, lenye historia yake halali kwao, linaletwa kueleza kilichopo hapa. Katika hali zote mbili maana pana inameza maana finyu. Na katika hali zote mbili hukumu hutangulia ushahidi, kwa kuwa imekwisha kukaa ndani ya jina.

6.0 Mafunzo kwa Uhakiki

Hatari hii haikuishia mwaka 1934. Mwezi Mei 2008, katika nchi ya Wagusii inayopakana na eneo hili, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto baada ya kuitwa wachawi. Mwezi Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani kwa tuhuma hiyohiyo. Haidaiwi hapa kwamba bundi alitajwa katika mikasa hiyo. Kinachodaiwa ni kwamba mkondo wa maana uliofuatwa hapo juu, kutoka ndege wa usiku hadi mwanamke anayeshukiwa, si wa Roma ya kale tu. Msomaji anayezoezwa tangu utotoni kwamba ishara ya usiku haihitaji ushahidi anazoezwa jambo linaloweza kumfuata nje ya kitabu.

Kwa mhakiki wa fasihi, mapendekezo matatu yanafuata. La kwanza ni kuuliza bundi wa matini analia kwa lugha ya nani. Bundi wa mhusika wa Pate, aliyelelewa chuoni, si bundi wa mchumaji chai aliyejifunza Kiswahili kambini. La pili ni kukumbuka kwamba bundi wa fasihi andishi ya Kiswahili ana wazazi wengi. Julius Nyerere alipotafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na Samuel Mushi alipotafsiri Macbeth mwaka 1968, walishughulikia tamthilia ambazo ndani yake ndege wa usiku hutangulia mauaji. Msomaji wa Kiswahili amepokea bundi wa kifo kutoka London kama alivyompokea kutoka Mombasa. Kumwita bundi huyo urithi wa mababu ni kusahau sehemu ya urithi. La tatu ni kurudi kwenye ushahidi wa mahali. Kwa nchi ya Kericho na Bomet ushahidi huo upo: kazi ya Orchardson kuhusu Wakipsigis, iliyochapishwa mwaka 1961, utafiti wa Peristiany wa mwaka 1939, kazi ya Taaitta Toweett, mzaliwa wa eneo hilo, kuhusu historia simulizi ya Wakipsigis, ya mwaka 1979, na mkusanyo wa Ciarunji Chesaina wa fasihi simulizi ya Wakalenjin, wa mwaka 1991. Mhakiki anayetaka kusema Wakipsigis huamini hivi au vile hana udhuru wa kutegemea kamusi ya pwani.

Inaweza kupingwa kwamba fasihi hufanya kazi kwa ishara zilizokubaliwa na wengi, na kwamba mwandishi akimtumia bundi kama nuksi, mhakiki hana budi kumsoma hivyo. Pingamizi hili lina nguvu, na halikatazwi hapa. Ishara ya bundi ipo. Magazeti ya Kiswahili humtumia hata katika habari za siasa na za kandanda, timu ikifungwa au chama kikigawanyika. Lakini kuikubali ishara si sawa na kuifanya kuwa tabia ya watu. Mhakiki anaweza kusema kwamba mwandishi ametumia desturi ya kifasihi, akaonyesha ilikotoka, na akapima kama imetumiwa kwa ubunifu au kwa uvivu. Asilopaswa kufanya ni kuifunga mdomo kwa maneno Waafrika huamini.

7.0 Hitimisho

Katika misitu iliyosalia ya Mau, juu ya mashamba ya chai, anaishi bundi wa msituni ambaye wanasayansi humwita Strix woodfordii. Dume na jike huitikiana kwa zamu katika giza, na kuitikiana huko ni namna ya kushika eneo lao. Hukaa katika matundu ya miti mizee, makao yasiyopatikana kwa wepesi katika mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni za viwanda vya chai. Katika jina lake la kisayansi limehifadhiwa lile neno la Kirumi lililozaa mchawi wa Kiitaliano. Mwanasayansi aliyelitumia hakukusudia kumshtaki ndege. Lakini neno lilikuja na mizigo yake, kama yajavyo maneno yote.

Historia ya bundi katika Kiswahili inaonyesha tabaka nne: mlio uliokuwa jina, ndege iliyokuwa dalili, dalili iliyohusishwa na mtoto mgonjwa, na hukumu iliyorahisishwa kambini na shuleni. Tabaka la nne ndilo changa kuliko yote, na ndilo linalosomwa kana kwamba ni la kale kuliko yote. Kazi ya uhakiki wa kihistoria ni kuyarudisha matabaka hayo mahali pake. Pale ambapo kazi hiyo haikufanywa, Kericho iliona familia nzima zikipakiwa kwa jina ambalo hazikujiita.